Ufunguo wa Chumba cha Kusomea

Madrid,
9 Oktoba 1633

Mpendwa Shangazi Casilda,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta huko Lima ukiwa mzima, na kwamba kifua hakikusumbui tena. Huku hatujambo. Mama ana mafua tu, na baba amemaliza kupaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi yangu.

Harusi hiyo haipo tena. Nitakueleza.

Alhamisi mimi na mama tulikwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Tuliketi juu kwa wanawake, tumebanana kama kawaida. Mchumba wangu, Don Baltasar, alisimama uani na wanaume. Mchezo ulimhusu mke anayemwomba mumewe chumba cha peke yake, cha kusomea. Katika sehemu mbili za kwanza alisema vizuri kuliko wote. Katika ya tatu mtunzi akampigisha magoti aombe msamaha.

Hapo wanawake wakachomoa funguo za nyumba zao viunoni, wakazitikisa, kama tufanyavyo mchezo ukituudhi. "Inuka, shoga, sakafu ina baridi!" mmoja alipaza sauti. "Mtunzi naye apige magoti, tumwone!" Nami nilitikisa ufunguo wa mama.

Baltasar alitungoja nje. "Na wewe ulikuwamo katika kelele zile?" Nikamwambia nilikuwamo, tena nataka chumba kama kile, kiandikwe katika mkataba wetu wa ndoa.

Akacheka. "Mke ana mlango wake, mume wa nini?"

"Wa kubisha hodi."

Mama alinifinya.

Jumatatu karani alikuja kuandika mkataba. Baltasar alikubali chumba, meza na vitabu, ila ufunguo akae nao yeye. Nikakataa kutia sahihi. Si mtu mbaya, Shangazi. Alisema, "Violante, si ufunguo tu huo?" Nikamjibu, "Basi niachie." Hakuniachia.

Baba anasema sasa imebaki nyumba ya watawa. Huko nako funguo hukaa kwa mama mkuu, nimeulizia.

Karani alitaka kulikwangua kwa kisu jina langu alilokwisha kuliandika katika mkataba, karatasi ibaki safi. Nilimwomba alikate kwa mstari mmoja wa wino, lisomeke.

Nisalimie Mjomba Fadrique na binti zenu, Aldonza na Beatriz. Mungu awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa mbali,
Violante