Kofia Uliyonipa Nimpelekee Mtoto

Tokyo, Japani

Mdogo wangu Apolonia,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa hiyo marahaba. Hujambo wewe na dagaa wako? Na yule jogoo anayewika mchana kama mlevi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, na haya machache yaliyobaki yanagongana kutwa. Nimeandika barua kwa sababu simu yako unaiweka spika, Katoro nzima inachangia. Hii isome peke yako, ufunge na mlango.

Unakumbuka nilivyoondoka kwa mikogo, kwamba naenda kumpa jina mjukuu. Nilipofika, Salome mwanangu hana tumbo, na mtoto simwoni. Mkwe wetu Edson akasema mtoto kazaliwa kabla ya siku zake, yuko hospitali, wageni hawaruhusiwi. Kila asubuhi nikawa nauliza anafanana na nani, naomba tu asichukue pua yangu. Salome anainuka, anakwenda kuosha vyombo visafi. Sikushtuka. Wewe unanijua, nikianza utani nakuwa kipofu.

Jumapili akaniambia nivae vizuri, nibebe na ile kofia uliyomfumia mtoto. Nikajua ni hospitali. Kumbe tunakwenda hekalu la Wabudha, la zamani sana, limekaa katikati ya maghorofa kama mzee aliyekataa kuuza kiwanja. Uani kuna chungu kikubwa cha ubani, watu wanajivutia moshi pale panapowauma. Nikavuta wa goti, nikavuta wa kipara, nikamwambia Edson anisogeze, maana mgongo niliouacha kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Geita, unahitaji chungu kizima. Watu wakacheka, na Kiswahili hawajui. Salome akajivutia moshi tumboni. Yeye hakucheka.

Nyuma ya hekalu kuna safu za vijiwe vilivyochongwa sura za watoto waliofumba macho. Vimevalishwa kofia nyekundu za kufuma, na vifeni vya karatasi vinazunguka pembeni. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikasema nimechimba mawe maisha yangu yote, sijaona jiwe linaloogopa mafua. Nikaongeza kwamba Apolonia akija huku na sindano zake atajenga ghorofa. Edson akanishika mkono. Ndipo Salome akaniambia, taratibu, kwamba vile ni vya watoto waliokufa, na wale waliozaliwa hawapumui. Wazazi wanavivalisha ili watoto wasipate baridi huko waliko. Akanionyesha kimoja cha mwisho, kichwa wazi. Akasema mjukuu wangu ndiye yule.

Alikuwa wa kike, Apolonia. Hakulia hata mara moja. Mimi nilikuwa bado sijapanda ndege, lakini kwenye simu Salome alishindwa kusema, na nilipofika mdomo ukakataa kabisa. Anaogopa kurudi nyumbani. Anasema kwetu aliyezaliwa hivyo hapewi jina, wanawake wanamfukia kimya kimya, na kesho yake mama anaulizwa atapata lini mwingine.

Nikapiga magoti, pamoja na lile bovu, nikamvalisha kofia yako. Imemwenea. Nikampa jina la mama yetu, Mageni, kwa sauti, kama nilivyokusudia. Katekista akiuliza kama nimesujudia sanamu, mwambie nilikuwa namfunika mtoto asipate baridi.

Mwezi ujao narudi na Salome. Sherehe uliyoandaa ivunje, ila vitenge usigawe, atavivaa. Na nakuomba, mdogo wangu, kwa mara ya kwanza bila utani: akishuka stendi usimvute pembeni umpe pole ya kunong'ona. Uwe wa kwanza kumwita Mama Mageni, tena kwa ile sauti yako ya kuuzia dagaa, stendi nzima isikie.

Nisalimie majirani wote, hata yule asiyeitikia.

Ni mimi kaka yako,
Telesphori, babu yake Mageni