Nimwambie Kocha Amkalishe Shemeji Yangu?

Mpendwa Mshauri Philister, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka, na kila mtu ninayemwambia ananicheka eti ni mpira tu.

Mimi naitwa Bramwel, nauza vifaa vya umeme Ngara, naishi Dagoretti Corner na mke wangu Kanini, na wikendi nacheza winga wa kushoto katika timu ya mtaa wetu, na nyuma yangu, beki wa kushoto, ni Mutiso, kaka mkubwa wa Kanini, mtu ninayemheshimu sana kwa sababu wakati wazee wao walikuwa wakiuliza huyu Mluhya ametoka wapi, ni yeye aliyesimama akasema mwacheni, huyu ni mtu wa maana.

Sasa Jumapili tuna fainali na timu ya Kileleshwa, na Kocha Macharia ameniita kando akaniambia, "Bram, wewe ndio mnacheza na yeye side moja, wewe ndio unamjua. Huyo mzee nimwanzishe ama nimkalishe benchi? Niambie Ijumaa, na usinidanganye juu ni shemeji yako."

Mshauri, Mutiso anapitwa, siwezi kuficha, karibu kila bao tunalofungwa siku hizi linatokea upande wetu, maana anarusha mguu mapema badala ya kumngoja mtu, na akilazimishwa kugeukia kulia anageuka kama lori, halafu macho yake yako kwenye mpira tu, hajui nani anakuja nyuma yake. Kwenye nusu fainali beki wao wa kulia alipanda, nikamwona kabisa akinipita pale mstarini, nikajua shemeji hajamwona, nikabaki nimeshika kiuno nikingoja tuupate mpira nianze mbio, na kabla sijakaa sawa krosi imeshapigwa na tumefungwa. Mashabiki wakaanza, "Toa huyo beki! Toa huyo beki!" na mimi nikaumia lakini nikanyamaza, kwani nitampigiaje kelele kaka ya mke wangu mbele ya watu? Kwetu shemeji hafokewi, hata jina lake mimi silitaji mbele yake, na uwanjani ni hivyo hivyo, nikitaka pasi nainua mkono.

Kinachonichanganya ni kwamba mazoezini tukicheza mtu kwa mtu hakuna kijana anayempita, wote wanamwogopa.

Kanini naye ameshasikia, akaniambia, "Ukimfanya ndugu yangu akalie benchi siku ya fainali, Krismasi utaenda kwa kina nani?" Na mbaya zaidi baba mkwe anatoka Mwingi kuja kumwona mwanawe akicheza, hajawahi kumwona hata siku moja, na Mutiso amesema baada ya mechi hii anaacha mpira. Nikisema ukweli namwaibisha mbele ya baba yake, nikidanganya tunafungwa na lawama ni yangu. Nifanye nini?

Bramwel, Dagoretti Corner

PHILISTER ANAJIBU:

Bramwel, pole. Kuulizwa umpime mtu aliyekutetea kwa wazee si jambo la kuchekwa, na wanaokucheka hawana shemeji. Lakini barua yako nimeisoma nikiwa na hasira, na nitakwambia kwa nini. Mimi nimeolewa na Okinyi, aliyekuwa beki mpaka magoti yakamkatalia, na nimekaa kando ya viwanja vya vumbi nikisikia mume wangu akitukanwa kwa makosa ya watu wengine.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mtu kwa mtu Mutiso hapitwi. Basi jiulize, siku ya mechi anakabana na wangapi? Winga wao yuko mbele yake na mpira, beki wao anapanda pembeni, hao ni wawili. Na yule anayepanda ni wa nani? Ni wako, Bramwel! Amekupita ukimwona, wewe umeshika kiuno. Mutiso anarusha mguu mapema kwa sababu anajua wa pili anakuja na hana mwenzake, kwa hiyo anajaribu kumaliza kazi kabla huyo wa pili hajafika. Ndiyo, ni kosa, lakini sasa unajua limetoka wapi.

Halafu hiyo heshima yako. Unamlaumu kwamba hajui nani yuko nyuma yake. Atajuaje? Ana macho mbele kama sisi sote. Mtu pekee anayeona hatari ile ikianza ni wewe, na umefunga mdomo eti shemeji hafokewi. Umemheshimu hadi uwanja mzima unamzomea. Hiyo ni heshima gani? Heshima ya ukweni ni ya sebuleni, ya mezani, ya kumpisha kiti. Uwanjani ukipaza sauti "Mtu!" hujamfokea mtu. Umemwokoa.

Sitakudanganya kwamba Mutiso hana udhaifu. Kugeukia kulia polepole ni kwake, miguu ni yake na umri ni wake. Lakini hilo lina dawa. Asimame hatua moja ndani zaidi, amfungie winga njia ya katikati, amlazimishe aende pembeni kwenye mstari, mahali ambapo wewe utakuwa umesharudi. Okinyi alicheza hivyo miaka mingi na hakuwa na mbio hata za kukimbiza kuku.

Kwa hiyo usiende kwa kocha kwanza. Nenda kwa Mutiso kabla ya Ijumaa, na usimtume Kanini, wala usimwandikie kwenye simu. Kaa naye, umwambie, "Shemeji, mtu wao akinipita nimekuwa nikinyamaza kwa sababu yako, nikakuacha peke yako. Jumapili nitapiga kelele, naomba usikasirike." Kwa jinsi ninavyomsoma mtu huyo, atacheka, kisha atakuuliza kwa nini umechelewa hivyo kusema. Mwombe pia asikie habari ya kusimama ndani, na umwambie kwa adabu, kama unavyojua kuongea naye. Mkapige mazoezi hayo pamoja, wawili dhidi ya wawili. Yale ya mtu kwa mtu yamewadanganya wote.

Kanini mwambie ukweli huohuo, aache vitisho vya Krismasi. Ana haki ya kumpenda kaka yake, lakini hana haki ya kukupangia jibu la kocha.

Ijumaa ikifika, mwambie Macharia kwamba alikuuliza swali la mtu mmoja na jibu ni la watu wawili. Mwambie upande wa kushoto unavuja kwa sababu winga harudi na hasemi, na kwamba winga huyo ameahidi kurudi na kusema. Kisha urudi kweli, dakika zote, hata ukiwa unatapika. Na kama unajua moyoni kwamba huwezi, kwamba kazi yako ni kungoja mpira huko mbele tu, basi mpe kocha ukweli aliouomba: upande wa kushoto kuna mtu wa kukalishwa benchi Jumapili, na huyo mtu si Mutiso.