Jiriwa Uliyoniachia

Maskati

Kwa mdogo wangu Athman,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mguu wa dada Mwanaisha umepata nafuu, aweza kufika kwa jirani bila kushikwa mkono. Huku joto limeanza kupungua. Mimi siku hizi ni mtu wa kitandani. Pumzi yanitosha kwa maneno machache tu, na daktari hanizungumzii tena habari za kupona, aniuliza kama nalala vizuri. Salma, binti yangu, anipikia uji na kunisimamia hadi niumalize, kama mama alivyokuwa akitusimamia sisi.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Simu nimeijaribu. Kila nikikupigia wewe wacheka, waniuliza nimekula nini, na neno nililolikusudia naliacha, nakujibu habari za uji. Basi karatasi hii nimempa mume wa Salma, anayekuja Malindi kwenye harusi ya kwao.

Juzi binti yako Rukia alinipigia. Alinionyesha kwenye simu vitu alivyotengeneza kwa mkono wake katika yale mafunzo mafupi ya Kilifi, vya kushikia kazi, yaani kipande kinachochongwa, kwenye ile mashine ya kuchonga chuma tuliyokuwa tukiiita milingi. Ametengeneza taya za aluminiamu za kuvisha jiriwa, kile kibanio cha mashine, ili isiukwaruze uso wa chuma kilichokwisha kulainishwa. Ana kipande kilichokatwa bonde katikati, cha kulazia vyuma vya mviringo, na kizuizi cha pembeni cha kufanya kila kipande kikae palepale kilipokaa cha kwanza. Nilimwambia kingo za zile taya bado ni kali, azilainishe kwa tupa. Akacheka, akasema, "Ami, hata mgonjwa huachi kusahihisha?" Nikamuuliza chuo cha ufundi kinafunguliwa lini. Hapo akaviweka chini vile vitu.

"Baba amekataa nisiende," akasema. "Asema usahaulifu wake nimeurithi mimi, na hataki kuniona na jicho moja kama yeye."

Athman, wewe hukusahau kitu.

Nakuomba usome pole pole, maana nataka kulisema jambo hili mara moja na kwa ukamilifu. Wakumbuka ile karakana ya Malindi, mashine yako karibu na dirisha, na mimi kwenye mashine ya kutoboa, hatua chache nyuma yako. Wakumbuka pia kipepeo chako, vile vibamba ulivyovikata kwenye springi ya lori, ukavipiga tupa na kuvitunga kwenye bolti moja ili vifunguke kama mbawa. Kazi ikishikwa upande mmoja tu wa jiriwa, taya huenda upande, nayo kazi haishikiki sawasawa. Wewe ulikuwa ukifungua vibamba vya unene uleule wa kazi na kuviweka upande wa pili, taya ikasimama wima. Hakuna aliyekufundisha. Mafundi wakikuazima, nawe hukuwanyima.

Siku ile ulikuwa umefunga kazi yako, kipepeo kimekaa mahali pake, ikaadhiniwa adhuhuri. Ulifuta mikono, ukaniambia, "Kaka, niangalizie hapa. Jiriwa isiguswe." Nikakuitikia vizuri tu. Nawe ukaenda kuswali na moyo mtulivu.

Ulipotoka akaja mtu wa Ganze na kipande cha pampu ya kisima. Kazi yake ilitaka kushikwa upande mmoja, nami sikuwa na cha kuweka upande wa pili. Nikalegeza jiriwa yako, nikachomoa kipepeo, nikaikaza tena kwa mkono ili kazi yako isianguke. Haikunijia kwamba nafanya kosa. Kwetu kaka mkubwa alichukua kitu cha mdogo wake bila kuuliza, awe ni shati au baiskeli, na mdogo hakulalamika. Nilijua nitakirudisha kabla hujatoa salamu. Lakini yule mtu alikuwa mcheshi, anisimulia shida ya maji ya kwao na vituko vya punda wake, nami nikawa nacheka nikiwa nimeipa mashine yako mgongo. Uliporudi sikukuona. Uliona kazi iko mahali pake, ukaugusa mkono wa jiriwa ukauona umekaza, na upande wa pili ulikuwa umefunikwa na takataka za chuma. Ukawasha, kazi ikachomoka ikakupiga jichoni.

Ulipokuwa chini umeshika uso, na watu wote wamekuzunguka, mimi nilikwenda kwenye mashine ya kutoboa kwanza. Nilichukua kipepeo, nikakitia kwenye droo yako. Ndipo nikaja kukushika kichwa.

Tajiri mwenye karakana alipokagua alifungua ile droo, akakikuta kipepeo. Alikuja nacho hospitali, akakuonyesha, na wewe, na bandeji usoni, ukasema, "Basi nilisahau mwenyewe." Akanigeukia mimi. Nami nikasema, "Huyu tangu mdogo ni msahaulifu." Nilisema kwa kicheko kidogo, ili yaishe.

Hayakuisha. Kwetu Mambrui watu wote wakakuita Athman Sahau, na niliyewapa jina hilo ni mimi. Uliacha ufundi, ukafungua duka. Dada huniambia kwamba ukifunga duka hurudi kutikisa kufuli, ukafika nyumbani ukarudi tena, na shemeji hukutania mbele ya wageni. Wakati wote huo mimi nilikuwa nafundisha vijana wa watu, huko kwetu na huku Maskati, wasiwashe mashine kabla ya kuikagua jiriwa kwa macho yao. Waliniona mwalimu makini sana.

Siwezi kukurudishia jicho. Sikuombi radhi leo, si kwa kuwa siihitaji, Mwenyezi Mungu ajua ninavyoihitaji, bali sitaki ionekane kwamba nakuuzia ukweli kwa radhi. Ninaloliomba ni Rukia aende chuo. Alichorithi kwako ni ule mkono uliotengeneza kipepeo. Na barua hii isome mbele ya watu, barazani baada ya alasiri, wote wanaokuita jina lile wakiwapo. Ukiona uzito, mpe Rukia awasomee. Usinisitiri.

Nisalimie shemeji, umwambie hayo niliyoyasema. Nisalimie dada yetu Mwanaisha, aliyetulea baada ya mama. Yeye nimemwandikia peke yake. Nisalimie na mkwe wako, mwalimu wa madrasa, aniombee dua.

Nimemwambia Salma asikupigie hata ukichelewa. Simu yangu itakuwa hapa karibu na mto. Ukipiga nitaipokea mwenyewe, na ukinitukana nitasikiliza mpaka umalize. Usipopiga, sitamtuma mtu kuja kukuuliza.

Ni mimi kaka yako,
Bakari