Punje za Juu na za Chini Si Rika Moja

Jumanne, shambani Katindiuka. Jua limetoka baada ya siku tatu za mvua. Nimeamka vizuri, nikaharibiwa siku kabla ya saa tano.

Miaka sita natunza shamba la majaribio ya mpunga. Cheti changu ni cha kidato cha nne. Mengine nimejifunza kwa macho na vidole. Msimu huu nilimchumia mtafiti mmoja kijana punje changa, nikazihifadhi kwenye barafu hadi zifike maabara, achunguze RNA ndogo: vijipande vinavyoamua jeni ipi izimwe na ipi iachiwe wakati mbegu inajaa. Anataka kujua kwa nini punje za chini ya suke huishia mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani. Swali zuri. Hata sisi wakulima linatuuma.

Leo kaja na shikamoo ya heshima, halafu: "Mama, majibu ya maabara yamevurugika. Barafu yako iliyeyuka. Nimependekeza shamba lifutwe."

Likifutwa, na mimi nimefutwa.

Barafu yangu!

Suke halichanui siku moja. Linaanza juu, linashuka, siku sita nzima. Yeye alifunga utepe siku ua la kwanza lilipofunguka, akahesabu siku nane, akaagiza tupukuchue suke zima. Hesabu ya darasa la pili: punje za juu zina siku nane, za chini tatu. Jeni zilizozimwa kwenye kichanga zimetiwa chupa moja na zilizoachiwa kwenye punje iliyokomaa kidogo. Utasoma nini humo?

Nikakata suke, nikabinya mbele yake. Punje ya juu ikatoa uji mzito. Ya chini, maji matupu.

"Haya Dokta, hawa ni mapacha?"

Akakuna shingo. "Ungeniambia mapema, mama."

Hapo ndipo paliponichoma, maana nilijua. Nilitaka kila siku tutie nukta ya wino kwenye maua yaliyofunguka, akasema tutachelewa, nikaacha bila kumweleza sababu. Niliogopa vyeti vyake. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

La barafu silibebi. Niliijaza kila baada ya saa mbili. Lakini ripoti ameshaituma kwa mkuu wake, na kuirudisha anaona aibu.

Abaki na aibu yake. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa huyo mkuu, na sitaondoka mpaka anisikilize.