Upinde wa Mukima Ambao Hukuuchagua

Mpendwa Mama,

Wacha nikuambie mwenyewe: nimeweka mukima kwenye upinde. Ndiyo, mukima, ule uliouita mti wa kuni, unaopandwa mpakani ili jirani asisogeze ua. Na sijutii hata kidogo.

Najua ungesonya kwanza. Halafu ungechukua kitambaa chako, ukakilowesha kwenye karai, ukaupangusa ule ubao na kunyamaza huku ukiinamisha kichwa. Kimya chako nilikiogopa kuliko maneno yako, maana maneno yako yalikuwa na utani ndani yake. Safari hii nimechagua bila hata kukisikiliza hicho kimya.

Tangu utuache, wakati wa mvua ndefu za mwaka jana, Baba hajaunganisha mbao mbili kutengeneza upinde. Alirudia pinde za babake: fimbo moja ya mkole, inachongwa, inakaushwa, inatiwa kamba, basi. Ni pinde nzuri, sikatai. Lakini ni zilezile alizokuwa akitengeneza kule kijijini kwao Chepsaita kabla hamjaonana. Ulinisimulia mara nyingi jinsi alivyoingia kwenye duka lako la vitambaa pale mjini, mtaa wa West Indies, kutafuta kipande cha kufunga mshiko, ukamwomba uuone huo upinde, ukamuuliza, "Kwani lazima ikae kama fimbo ya kuchunga?" Akaondoka amekasirika. Baada ya wiki moja akarudi na vipande viwili vya mbao mfukoni, akaviweka kaunta, akakuuliza kipi kikae juu. Wewe ulisema alirudi kwa ajili ya mbao. Yeye alisema alirudi kwa ajili ya muuzaji. Mlibishana hivyo miaka yote na hakuna aliyeshindwa.

Nikifunga macho nakuona ukifika nyumbani Kapsoya jioni, umefunga duka, hujavua hata viatu, unapitiliza hadi karakana nyuma ya nyumba. Baba ameshapanga mbao ukutani. Mgongo wa upinde, ule upande unaotazama shabaha, ulikuwa wake kuamua, na karibu kila mara aliweka mwanzi kwa sababu mwanzi ukivutwa haupasuki. Hapo hukuingilia. Tumbo, upande unaomtazama mpigaji, pamoja na mshiko, hivyo vilikuwa vyako. Ulipangusa kila ubao kwa kile kitambaa cha maji. "Mbao kavu inadanganya," uliniambia nikiwa bado sifikii meza. "Ilowe kidogo ndio uone venye itakaa ikipakwa mafuta." Kisha ungezisogeza mbilimbili, unazitenganisha, unazirudisha. "Hizi zinapigana. Mbao moja iongee, ingine isikize."

Ni wewe uliyemwonyesha Baba zile nguzo kuukuu za mutarakwa, yaani mwerezi. Tulikuwa tunatoka Chepsaita kumwona Nyanya, ukaona mkulima anang'oa ua wake wa zamani, nguzo zimelala kando ya barabara, za kijivu, hazina thamani kwa mtu yeyote. Ulishuka, ukakwaruza moja kwa ufunguo wa duka, na ndani ikatokea nyekundu. Baba alisema hatuwezi kubeba nguzo za ua kama wezi. Tulizibeba. Mutarakwa huo ulitoa tumbo la pinde nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na karakana ilinukia mwezi mzima.

Na kila mteja aliposhika upinde na kuuliza, "Mzee, hizi rangi umezichagua wewe?" Baba alijibu, "Ni kazi ya hii mikono." Wewe ulikuwa hapo hapo unakunja vitambaa vya kufungia, unatabasamu. Nilikuwa nikiumia, Mama. Siku moja nilikukabili jikoni.

"Mbona husemi ni wewe?"

"Hao wazee wakijua rangi ya upinde ya Wakale, watu wa baba yako, imechaguliwa na mwanamke wa Nyeri, si watarudisha?" Ukacheka, ukaendelea kumenya viazi. "Wacha waseme ni yeye. Mimi najua, yeye anajua. Inatosha."

Haikunitosha mimi. Hilo sikukuambia wakati ule, nakuambia sasa.

Unakumbuka upinde wa mvule? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ukaniruhusu nichague peke yangu kwa mara ya kwanza, upinde wa zawadi ya arusi. Nikachukua mvule, wa njano iliyochangamka, nikauweka kando ya mutamaiyo, ule mzeituni wa porini wenye mistari ya kahawia. Niliulowesha kama ulivyonifundisha na ukapendeza kweli. Mwaka uliofuata mwenyewe akauleta kubadilishiwa kamba, na upinde mzima ulikuwa kahawia tupu, mvule haujulikani ulianzia wapi. Nilikufuata dukani moja kwa moja.

"Ulijua mvule unageuka?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?" Ukanishika mkono, ukanipeleka mlangoni, pale kipande cha mvule kilipokuwa kikizuia mlango usijifunge. Ukakiinua. Upande uliokuwa ukipigwa na jua ulikuwa umeiva kama chai, ule wa chini bado ni njano. "Kitambaa ikikaa jua inapauka. Mbao ingine inaiva. Usichague ya leo, chagua ya mwaka ujao." Nilikununia siku mbili kisha nikakusamehe.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Mwezi uliopita alikuja Mwalimu Jelagat, yule wa mtaa wa pili. Babake amezeeka lakini bado anapiga mishale kwenye shina la mgomba nyumbani kwake, na wajukuu wanamwokotea. Mwalimu alitaka Baba amtengenezee mzee upinde mwepesi anaoweza kuuvuta bado, na uwe na rangi, kama ule aliouona kwa jirani yake. Nikamwona Baba anavuta pumzi ya kukataa.

"Tutafanya, Mwalimu," nikasema kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu alipokwisha ondoka, Baba aliweka randa chini polepole. Hapigi kelele, unamjua. "Rangi iliisha na mama yako," akasema. "Nani atachagua?"

"Mimi, Baba."

"Wewe wa mvule?"

"Mimi wa mvule."

Akaokota randa tena. "Haya. Chagua. Lakini ikikataa, hii maneno ya rangi imekwisha hapa, na usiniulize tena."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo, Mama. Nikikosea, kazi yenu nyinyi wawili ingefungwa, nami ningebaki kupiga msasa fimbo za mkole hadi nizeeke. Nilikuwa na nafasi moja.

Siku ya kwanza nilifanya kile ambacho ungefanya wewe. Mwanzi mgongoni, mutarakwa tumboni, mshiko wa mutamaiyo, na ule mstari mwembamba mweupe uliopenda kuupitisha kati ya mshiko na tumbo. Nilivipanga bila gundi, nikasimama mbali. Vilipendeza. Vilikuwa vyako kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu angeviona angesema Mama Chebet amerudi, na wewe hujarudi. Nililia kidogo pale, kisha nikavitenganisha.

Siku ya pili na ya tatu nilihangaika na rangi tu. Siku ya nne nikakumbuka kwamba rangi ndiyo iliyoniangusha kwenye mvule. Rangi hugeuka. Nikaanza kutafuta kitu kisichogeuka, na hapo ndipo nikaona kipande cha mukima kwenye rundo la kuni, kimepasuliwa vizuri, kina yale madoa yake yanayong'aa ukikigeuza, kama lesi. Kilikuwa kimekaa juani miezi. Rangi ya waridi ya mukima mbichi ilikuwa imeshatoka, kimekuwa kahawia ya kuelekea nyekundu, lakini madoa yote yalikuwa pale pale. Nikakilowesha. Mama, nilicheka peke yangu.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Mwanzi mgongoni kwa ajili ya Baba. Tumbo nikaweka mutamaiyo ulionyooka, mistari yake imetulia, usiopigania macho. Mshiko ni mukima, ndio unaoongea. Na kati ya mukima na mutamaiyo nikapitisha ukanda mwembamba wa mutarakwa, mwekundu, badala ya ule mweupe wako. Mweupe ungefanya madoa yaonekane machafu. Nilijaribu yote mawili na nina uhakika.

Baba alinisaidia kubana klampu, akangoja gundi ikauke, kisha akautundika upinde kwenye kile kigingi cha ukutani na kuanza kuuvuta kidogo kidogo, anatazama mkunjo, anashusha, anakwaruza tumbo, anavuta tena. Alikuwa mpole nao, akiwaza mikono ya yule mzee. Siku tatu nzima alizungumza nami kuhusu nguvu tu. Nilipopaka mafuta ya kitani na madoa yakaamka, alitoka nje akaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshalishwa.

Jumamosi Mwalimu alikuja, na alikuja na babake. Mzee aliushika upinde, akaupima, akautia kamba mwenyewe kwa goti. Akavuta, ukakubali hadi mwisho, akauachilia taratibu. Kisha akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshiko mara mbili.

"Hii ni mti gani?"

"Ni mukima, Mzee," nikasema.

"Mukima ya kuni?"

"Hiyo hiyo."

Akamgeukia Baba, akiwa bado ameushika. "Hii rangi umechagua wewe?"

Nilimtazama Baba. Nilijua jibu lake, nimelisikia utoto wangu wote. Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Hapana," akasema. "Mimi sijawahi kuchagua rangi maisha yangu yote. Pinde zangu zote mnasifu huku, alikuwa anachagua bibi yangu, alikuwa wa Nyeri, alikuwa anauza vitambaa West Indies. Aliitwa Wangari. Hii amechagua Chebet."

Yule mzee hakurudisha upinde, Mama. Alitikisa kichwa kukubali, akauliza kama tungemfanyia mwingine kwa ajili ya mjukuu wake mkubwa. Baba akamwambia aniulize mimi.

Miaka yote hiyo nilitaka mtu ataje jina lako ndani ya karakana ile, mbele ya wateja, kwa sauti. Limetajwa, na langu likafuata papo hapo. Sikujua kwamba nilikuwa nikingoja yote mawili.

Sitakuwa nikikuuliza rangi tena. Si kwamba nimekusahau, ni kwamba sasa najua. Pumzika, umefanya kazi ya kutosha, na sasa inajulikana ni yako.

Binti yako na fundi mwenzako,
Chebet