Nilivua Koti Langu Lusahunga

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kihangaza chetu nakijua cha kusema tu, na haya yamenishinda kuyasema.

Nimechoka, Baba. Si uchovu wa kazi. Shuleni Bisibo nafundisha vipindi vyangu kama kawaida, watoto wanasoma, mimi nasahihisha. Nachoka nikifika nyumbani Ngara mwisho wa wiki na kuiona pikipiki yako nyuma ya jiko, imefunikwa turubai, kuku wamelala juu yake. Mama amekataza isiguswe. Kila anayekuja kutupa pole anaoneshwa: "Hii ndiyo iliyomchelewesha." Kisha anamalizia kwa fundi Hamisi wa Nyakanazi, kwamba aliitia oili chafu wiki ile ile, kwamba ndiye aliyekuua. Rafiki yako wa miaka yote, Baba. Siku ya mazishi alisimama kule kwenye migomba, mbali na watu, na hajakanyaga kwetu tangu hapo. Bodaboda wa huku wakifika Nyakanazi wanapitiliza kibanda chake.

Nataka nikueleze siku ile, ingawa ulikuwepo.

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Kifua kilikuwa kimekubana tangu jana yake, ukasema unamtaka daktari wako wa Biharamulo, huyo anayekijua, na si mwingine. Mama akakufunga mgongoni kwangu kwa kanga. Wewe uliyenifundisha kuendesha nikiwa darasa la saba, siku hiyo ulikuwa mwepesi kuliko gunia la mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, kwa hiyo kile kipande cha plastiki ulichokata kwenye dumu la njano kilikuwa mahali pake, kimefungwa kwa mpira wa tyubu mbele ya injini. Kila pikipiki ya milimani kwetu inacho wakati wa masika. Kinazuia maji na tope, na miguu inapata joto.

Na kila mwendeshaji wa kwetu anajua kwamba ukifika Lusahunga unakitoa. "Lusahunga ni pa kuvua," ulikuwa ukisema, na wote walifanya hivyo: wanasimama pale njia panda, wanavua makoti, wanafungua plastiki, wanakunywa chai, wanaendelea. Huko chini jua halina utani, na injini kama yetu haina rejeta ya maji, inapozwa na upepo tu. Hayo ulinifundisha kuliko katekisimu. Kiangazi vumbi likijaa kwenye mapezi ya injini, yale yanayopitisha upepo, lisugue kwa mswaki wa zamani. Mlima ukiwa mrefu na una mzigo, shusha gia mapema. Ikichemka, kaa kando ungoje, wala usithubutu kuimwagia maji ya baridi, chuma kitapasuka. Nilikuwa naona una maneno mengi.

Siku ile nilisimama Lusahunga, nikavua koti langu. Nikakurekebishia kofia, nikakupa maji, ukanywa funda moja. Plastiki sikuitoa. Sikuikumbuka kabisa, Baba. Nilikuwa nasikiliza pumzi zako.

Tukashika njia ya Biharamulo. Baada ya muda ukanigonga mgongoni mara mbili. Nikadhani unaniambia niharakishe, nikaongeza mwendo. Ukagonga tena, nikaongeza tena. Wewe, uliyeweza kunusa oili inayoungua ukiwa umekaa sebuleni. Sasa najua ulikuwa unaniambia nini. Injini ikaanza kulia kama inasaga kokoto, kisha ikanoki, ikakwama kabisa, tairi la nyuma likakaza, nusura tuanguke.

Nilikuketisha kwenye nyasi. Nilipogeuka kuitazama pikipiki nikakiona kile kipande, kimeanza kujikunja kwa joto. Nikakichomoa na kukitupa kichakani, haraka, kama mwizi. Nilipoinua macho ulikuwa unaniangalia. Ukasema kwa shida, "Mama yako usimwambie." Basi. Tukakaa pale mpaka jua likapita utosi, magari yanapita tu, ndipo mwenye pikapu ya mihogo akatusimamia, akatufikisha Biharamulo.

Uliishi siku mbili. Sikumwuliza daktari kama zile saa zingebadilisha kitu. Niliogopa jibu lolote ambalo angenipa, na bado naliogopa.

Baada ya mazishi fundi Hamisi aliifungua injini kibandani kwake, kabla Mama hajaagiza pikipiki irudishwe nyumbani na isiguswe. Akaniita pembeni, mikono imejaa grisi. "Mwalimu, kile kipande mlikitoa Lusahunga?" Nikamwambia tulikitoa. Akaitazama pistoni iliyoungua, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Hajauliza tena. Yanayosemwa anayasikia yote, na hajajitetea kwa mtu yeyote. Nadhani anakuheshimu wewe, au ananionea huruma mimi. Nikimfikiria sipati usingizi.

Najua kwa nini ulisema vile, Baba. Ulitaka kunikinga. Wewe mwenyewe ndiye uliyezoea kuniambia mficha uchi hazai, halafu siku ile ukanigeuka. Nadhani hukuwaza kwamba Mama angetafuta wa kumlaumu, na kwamba angempata rafiki yako. Ungewaza hivyo, usingesema.

Jumamosi tuna misa ya kukuombea, na baada ya misa watu watakula nyumbani. Fundi Hamisi hajaalikwa. Ijumaa nikitoka shule nitapanda gari nimfuate Nyakanazi. Nitamwomba radhi yeye kwanza, kisha nimwombe tuje wote. Akikataa, nitasema hata bila yeye. Nitamwambia Mama kabla sufuria hazijaipuliwa, mbele ya wale wale waliosikia habari ya oili chafu, kwamba fundi hana kosa, kosa ni langu. Atanifanya nini sijui. Huenda atanyamaza, na kunyamaza kwa Mama unakujua.

Kwaheri, Baba. Mungu akupumzishe. Maisha yako yote uliniagiza mengi, nami nikatii nikinung'unika. Hili la mwisho uliniagiza kwa upendo, na ndilo pekee ambalo sitakutii.

Binti yako,
Editha