Zimwi Lenye Zipu Mgongoni

Ndanai, Jumapili

Ndugu yangu Kipkirui,

Natumai baridi ya Kanada haijakumaliza. Huku mvua ni nzuri na majani chai yamechipuka.

Leo baada ya kanisa nilitoa zile CD zako za mazimwi, nikaziangalia na Baba. Ile sinema mpya, waliyoirudia kwa kompyuta, inang'aa lakini haitishi. Ile ya zamani bado ni kiboko! Zimwi ni mtu aliyevaa mpira, hata zipu inaonekana mgongoni, na bado nilikunja miguu juu ya kiti. Aliyelitengeneza alijua kazi yake.

Kuna jambo tulikuficha kwa sababu ya mitihani yako. Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo hakuwa amesema neno. Leo, yule msichana wa ile sinema ya zamani alipoingia ziwani kwenye zimwi, Baba alinishika mkono akapiga kelele, "Toka huko!"

Mama alikuja mbio kutoka jikoni. "Nani amesema?"

"Ni mimi," Baba akajibu.

Tulilia sisi wote. Kisha akaelekeza kidole kwa TV: "Tena." Tumeirudia mara tatu.

Sasa anataka sehemu ya pili, na hatuna. Itafute huko, lakini usiitume. Uje nayo.

Dada yako,
Chelangat